Upande wa Pili wa Mpiko

Kwenye ghala la kampuni ya kuhamisha vyombo kila mtu ana jina la kazi. Dereva anaitwa Breki, kwa sababu hana. Mbebaji mmoja anaitwa Kiuno, kwa sababu kinamuuma kila Jumatatu na kupona kila Ijumaa jioni. Na yule mzee mfupi mwenye mabega mapana, aliyebeba makabati ya watu kwa miaka thelathini na tatu bila kuvunja kioo hata kimoja, anaitwa Kamusi.

Jina hilo walimpa kwa dhihaka. Kwa miaka kumi na moja Kamusi aliiandikia ofisi ya kamusi barua kumi na saba, kwa mkono, kwenye karatasi za mistari, akiziweka nakala zake ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda. Barua zote zilihusu neno moja. Ukifungua kamusi kubwa ya serikali, kwenye herufi M, utalikuta limeandikwa hivi: *mkindwe nm wa- 1. mtu wa visiwani. 2. mtu mjinga, mchafu au asiye na adabu: Acha ukindwe wako.*

Basi. Mstari mmoja na nusu. Watu mia mbili na kumi na wawili walitolewa kwao wakawekwa ndani ya mstari mmoja na nusu, na mfano wa matusi juu yake ili msomaji asipate shida ya kutukana.

Na neno lilikuwa limezoeleka, hilo tusidanganyane. Mchezaji akikosa bao, mkindwe. Mtu akiruka foleni ya benki, ukindwe huo. Hata Breki, ambaye anamheshimu Kamusi kama baba mzazi, lori likigoma kuwaka hulipiga teke la tairi na kuliita kindwe, kisha hugeuka amekunja uso.

"Samahani, Kamusi. Sikukusudia wewe."

"Najua," Kamusi humjibu. "Umekusudia gari."

"Sasa wewe hukasiriki?"

"Nakasirika tangu hujazaliwa. Washa gari twende."

Mwaka huu, baada ya barua ya kumi na saba, ofisi ya kamusi ilimwita. Alivaa shati la mikono mirefu, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akaketi mbele ya mhariri mmoja mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na makabati ya droo ndogondogo nyuma yake hadi darini. Mhariri yule alikuwa mtu mwema. Kamusi alilitambua hilo mapema na likamtia uchungu, maana alikuwa amejiandaa kwa mtu mbaya.

"Mzee wangu, barua zako zote nimezisoma," alisema mhariri. "Niambie kwa mdomo. Ninyi wenyewe neno hili mlilitumiaje?"

Kamusi akamweleza. Kisiwa chao kilikuwa chembamba kama ulimi, na kisima kilikuwa kimoja tu, kwenye ncha ya kusini, wakati nyumba zote zilikuwa ncha ya kaskazini. Katikati palikuwa na mchanga na mawe, mwendo wa saa nzima. Maji yalibebwa na watu wawili: pipa katikati, limening'inizwa kwenye mpiko, yaani mti mrefu unaolala bega la huyu na bega la yule. Wa mbele anaiona njia lakini hamwoni mwenzake. Wa nyuma anamwona mwenzake lakini njia imezibwa na pipa. Sasa wa mbele atajuaje kwamba wa nyuma bado yupo naye, hajachoka, hajateleza? Hawezi kugeuka. Ukigeuza shingo bega linageuka, bega likigeuka mti unateleza, na maji ya siku nzima yananywewa na mchanga. Watoto walichapwa kwa kosa hilo tu. Kwa hiyo wa nyuma husema, "Kindwe." Wa mbele hujibu bila kugeuka, "Kindwe." Kisha wanasonga. Wakifika kwenye jiwe, tena. Wakikata kona, tena. Mchana kutwa.

"Kwa hiyo maana yake ni..." Mhariri alishika kalamu.

"Maana yake ni mimi niko upande wako wa pili. Mzigo wako ninao."

"Na huanza nani?"

"Wa nyuma. Daima wa nyuma. Wa mbele haombi. Ukiliomba limeshaharibika."

"Na jina la kabila lilitoka wapi?"

Hapo Kamusi alicheka bila furaha. Mwaka ule serikali ilipokitaka kisiwa, kwa ajili ya kituo cha kupimia kitu ambacho mpaka leo hatujaambiwa ni kitu gani, ilileta meli ya kijivu, askari, na karani mmoja mwenye meza ya kukunja. Karani alikuwa na fomu, na kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha kabila. Akauliza watu: ninyi ni akina nani? Watu wakamwambia: ni sisi. Karani akasema "sisi" haiandikiki. Askari mmoja akamsaidia: hawa, afande, nimewasikia wiki nzima wanaitana kindwe, kindwe, wakibeba mizigo yao kwenda melini. Karani akaandika. Mia mbili na kumi na wawili, mara moja kila mmoja, kwa wino wa zambarau. Kisha waligawanywa kwenye makambi kumi na moja ya bara, ili, kama ilivyosema amri yenyewe, wasikae kwa mafungu. Kamusi alikuwa na miaka kumi na minne. Anaikumbuka hata meza: mguu mmoja ulikuwa mfupi, na chini yake karani alikuwa ameweka kombe la chaza alilolichukua mlangoni kwa watu.

Mhariri aliweka kalamu chini. Kisha akasema yaliyokuwa lazima ayaseme. Herufi M ilikuwa inafungwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Kuongeza maana mpya kulikuwa na kanuni: lazima wapatikane watu wawili walio hai wanaolitumia neno kwa maana hiyo.

"Wewe ni mmoja," alisema. "Niletee mwenzako. Akishindwa kupanda ngazi nitashuka mimi. Dakika tano tu."

"Na nikimkosa?"

"Litabaki kama lilivyo, mzee wangu. Toleo lingine ni baada ya miaka kumi na mitano."

Kamusi alikuwa na miaka hamsini na minane. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

Wazee wa kisiwa walikuwa wameisha. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja fundi viatu, mji wa mbali, ambaye kila Jumapili saa tatu alimpigia Kamusi simu, akasema neno lile moja, Kamusi akalijibu, wakakata. Simu ya sekunde nne. Mwaka jana, Jumapili moja, simu haikulia. Ya pili haikulia. Ya tatu Kamusi akapiga mwenyewe, akapokea mjukuu. Tangu siku hiyo neno lilimkaa mdomoni, maana halisemwi na mtu mmoja. Kujaribu alijaribu, mara moja, mbele ya kioo cha kunyolea, akaona aibu kama mtu aliyefumaniwa.

Aliwaandikia watoto wa waliogawanywa. Mmoja alijibu kwamba neno hilo kwao ni tusi na asimwandikie tena. Mwingine alijibu kwamba baba yake hakuzaliwa kisiwani kokote, na chini ya barua akaweka saini ya wakili. Wengine walikaa kimya.

Alibaki mtu mmoja tu. Mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama yao, aliyemwita Kitinda tangu utotoni.

Kitinda alikuwa humuhumu mjini. Alipanda melini akiwa na miaka tisa, akakua kambini, akasoma kwa bidii ya mtu anayekimbizwa, akafuta kwenye karatasi zake kila alichoweza kukifuta, na akiwa na miaka ishirini na miwili akaolewa na ofisa wa forodha. Kwa wakwe alisema wazazi wake walikuwa watumishi wa serikali waliofariki katika ajali. Kamusi hakualikwa, lakini alikwenda. Alisimama katikati ya ukumbi, na bibi harusi alipoinuka kitini, akapaza sauti mbele ya wakwe wote, "Kindwe." Neno la mgongoni akalitoa usoni, tena kwa kelele, kama mtu anayedai. Shangazi wa bwana harusi aliweka sahani chini. Bibi harusi alimtazama kaka yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtu huyu simjui." Walimtoa kwa mikono, bila fujo.

Miaka thelathini na mmoja. Mume alipofariki mwaka huu, tangazo lilisomwa redioni, na Kamusi alikwenda makaburini akasimama nyuma ya lori la mchanga mpaka watu walipotawanyika. Uso wa kwenda mlangoni kwake hakuwa nao. Kila jioni ya mwezi ule alivaa viatu, akafika mpaka kona ya mtaa wa dada yake, akarudi.

Kisha Jumatatu ya wiki ya mwisho msimamizi wa ghala akamkabidhi karatasi ya kazi. Nyumba ya mjane, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Kitanda, meza, friji, kabati la mbao la milango mitatu. Anaondoka kwenda kukaa kwa bintiye. Chini palikuwa na jina, anwani, na namba ya simu.

Kamusi aliikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati.

"Kuna nini?" Breki alimuuliza garini. "Umekaa kama umemeza ufunguo."

"Kiuno yuko wapi?"

"Leo Jumatatu. Unauliza?"

"Kabati la milango mitatu, ghorofa ya nne, nitabeba na nani?"

"Mimi siwezi kuacha gari, mtaa ule wanafunga magurudumu. Watakuwa na jamaa humo ndani. Nyumba za watu wakubwa hazikosi shemeji asiye na kazi."

Shemeji hakuwapo. Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana, mfamasia, bado amevaa koti lake jeupe la kazi ambalo halikufunga tena mbele, maana tumbo lilikuwa la miezi saba. Nyuma yake, kwenye korido tupu yenye alama za picha zilizotolewa ukutani, alisimama mama yake ameshika ufagio.

Kitinda alimtazama Kamusi usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena.

"Karibu, fundi," alisema.

"Ahsante, mama," alisema Kamusi.

Vitu vidogo vilishuka vyenyewe, kama kawaida. Kiti kimoja bega hili, kingine bega lile. Kitanda kwa vipande. Friji alilishusha peke yake kwa mkanda, ngazi moja moja, akihesabu kimoyomoyo. Saa tano binti alitangulia chini na kioo cha meza ya kujipambia, na chumbani wakabaki ndugu wawili na kabati. Lilikuwa la mninga mtupu, zee, limesimama kama askari.

"Kitinda."

"Usiniite hivyo humu ndani."

"Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa." Alikuwa anakunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa. "Nilikuona makaburini. Kujificha hujui. Hukujua hata utotoni."

"Nina ombi moja."

"Lile la kwanza uliloomba mbele ya wakwe zangu halijakutosha?"

Kamusi alikubali pigo hilo, kwa sababu lilikuwa lake. Kisha akamwambia, haraka haraka, sikio lake likiwa mlangoni: Alhamisi, saa nne asubuhi, ofisi ya kamusi. Neno moja. Dakika tano.

"Binti yangu anajifungua miezi miwili ijayo," alisema Kitinda. "Baba mkwe wake ni mtu anayesomwa magazetini. Unataka mjukuu wangu azaliwe akiwa mkindwe?"

"Nataka akiambiwa hivyo ajue ameambiwa nini."

"Ataambiwa kile watu wote wanachokijua. Hilo neno si letu tena, kaka. Walilichukua pamoja na kisima."

Alisema "kaka". Ilimtoka tu, na wote wawili wakakaa nayo chumbani kwa muda, mpaka viatu vya binti vikasikika vinapanda.

"Haya, mzee wangu, limebaki hilo tu," alisema binti, akihema. "Ila wewe uko peke yako. Nimwite mlinzi wa geti?"

"Mlinzi ana miaka sabini," alisema mama yake. "Nitashika mimi."

"Mama, hujawahi kubeba hata gunia la mchele."

"Nitashika juu tu. Fundi ndiye mwenye kazi. Wewe tangulia, utuambie penye ukuta."

Wapagazi wote duniani hushuka ngazi kinyumenyume, uso kwa uso na mzigo. Kamusi hapana. Kamusi hutia mkanda mpana chini ya kabati, akauvuta juu ya mabega, akalilaza mgongoni na kushuka ametazama mbele. Wenzake humcheka kwamba anatembea kama punda. Hajawahi kuwaeleza kwamba ndivyo alivyofundishwa, na kwamba mgongo wake hautulii mpaka uwe na kitu kikubwa nyuma yake na mtu nyuma ya kitu hicho.

Waliinua. Kabati lilimlalia, mninga ukamgusa kisogo, na nyuma, juu, mbali, akahisi mikono miwili ikishika.

Hapo ndipo pa kulisema. Mtu akiinua tu, hapo ndipo mahali pake. Kamusi alisimama kidogo zaidi ya inavyohitajika. Hakuomba. Lilishaharibika mara moja kwa kuombwa, ukumbini, mbele ya sahani za watu.

"Twende basi," ilisema sauti ya mama mjane.

Akashuka. Ghorofa ya tatu: ngazi kumi na nane, kona, ngazi kumi na nane. Binti, mbele yao, mkono kwenye tumbo, alikuwa anasema kushoto kidogo, hapo hapo, angalia kitasa. Milango ya majirani ilifunguka nyufa ikafungwa. Jasho likamwingia Kamusi machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Alifikiri: hata akikataa Alhamisi, hii nimepata. Kisha akafikiri: nimepata nini? Nimebeba kabati na mteja.

Kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza ngazi moja ilikuwa imemeguka ukingo. Binti aliiruka bila kuiona. Mguu wa Kamusi ukaikanyaga, goti likaachia, na mninga wote ukamshukia kama nyumba. Sekunde hiyo alijua kabisa kwamba anakwenda chini nalo, yeye, kabati, na mtoto wa watu aliye mbele yake na tumbo lake.

Uzito ukasimama. Ulikamatwa huko juu, ukavutwa, ukawekwa sawa. Na sauti, si kubwa, ikitoka tumboni ambako hutoka pumzi ya mtu aliyebeba, ikasema nyuma ya kabati:

"Kindwe."

Haikuwa sauti ya mjane wa ofisa wa forodha. Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka minane aliyebebeshwa upande wa nyuma kwa mara ya kwanza.

"Kindwe," alijibu Kamusi. Hakugeuka. Goti likanyooka.

Walikuwa wameshashuka ngazi tatu zaidi, sawasawa, mguu kwa mguu, kabla binti hajasimama chini yao.

"Mama."

"Nini?"

"Umesema nini?"

Kabati lilikuwa hewani, kati ya ghorofa na ghorofa.

"Mzee wa watu amejikwaa akibeba vitu vyetu, badala ya kumpa pole unamtukana? Mama, wewe? Sijawahi kukusikia ukitoa neno kama hilo." Alikuwa amewiva uso. Kisha akamgeukia Kamusi, kwa upole uliochanganyika na hasira. "Na wewe mzee wangu, samahani sana kwa niaba yake. Lakini hukupaswa kumrudishia. Ni mama yangu."

Kamusi alimwona vizuri kwa mara ya kwanza. Paji la uso lilikuwa la mama yao, lile lile, na chunjua ndogo kwenye nyusi. Angeweza kusema sentensi moja tu. Lakini sentensi hiyo haikuwa ya kwake kuianza. Wa nyuma ndiye huanza, naye alikuwa yuko palepale, nyuma ya milango mitatu ya mninga, anapumua. Kamusi akasubiri. Alisubiri na kilo zote zile mgongoni. Alikuwa amesubiri miaka mingi zaidi kwa vitu vidogo zaidi.

"Samahani, fundi," alisema Kitinda. "Lilinitoka."

"Hakuna neno, mama," alisema Kamusi.

Zilibaki ngazi hamsini na nane. Kwenye kila kona, kabla Kamusi hajahitaji, upande wa juu uliinuka kidogo na uzito ukapungua, kwa wakati ule hasa, kama inavyofanywa na mtu aliyezoea mpiko na si mtu mwingine yeyote.

Kwenye lori binti alimpa chupa ya maji baridi.

"Kunywa, mjomba. Usituwekee kinyongo."

Mjomba. Ndivyo vijana wanavyowaita wazee wote mtaani, hata muuza mkaa. Kitinda, aliyekuwa anafunga kamba kwenye godoro, mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea kufunga.

"Mama yako anajua kubeba," alisema Kamusi.

"Mama?" Binti alicheka. "Huyu ametoka kwa watu wa ofisini. Leo usiku atahitaji kukandwa."

"Ana mabega," alisema Kamusi, akanywa maji yote.

Kwenye nyumba mpya palikuwa na mkwe na ndugu zake wanne. Kabati likaingizwa na wanaume, kwa makelele mengi na mkwaruzo mmoja. Kitinda alikuwa ameshaingia ndani. Hakutoka kuaga, na Kamusi hakutazamia.

Alhamisi, saa nne kamili, alipanda ngazi za ofisi ya kamusi na shati lake la mikono mirefu. Mhariri alitazama mlango nyuma yake.

"Umekuja peke yako, mzee wangu."

"Lakini nimempata."

Mhariri akavua miwani. "Kweli? Analitumia?"

"Jumatatu, saa sita kasoro robo, kwenye ngazi. Alilisema, nikalijibu. Kwa maana ileile. Alinishika nisianguke."

"Mbona hukuja naye?" Alishavuta kadi tupu na kalamu. "Basi, hata simu inatosha, kanuni inaruhusu. Nipe jina na namba, nimpigie sasa hivi. Aseme ndiyo tu. Saa kumi herufi inafungwa, lakini mpaka hapo ni yangu."

Karatasi ya kazi ilikuwa mfukoni mwa shati. Kamusi aliitoa akaiweka mezani, imekunjwa mara nne, akaifunika kwa kiganja. Jina lilikuwa humo, na anwani, na namba. Barua kumi na saba zilikuwa zinaelekea hapo. Baba yao, aliyekufa kambini msimu wa pili wa mvua, akiitwa kwa neno hilo na mtu aliyekuwa anagawa unga, alikuwa anaelekea hapo. Simu ingelia katika nyumba mpya. Pengine angepokea binti. Mhariri, kwa adabu zake zote, angeuliza: je, hapo ni kwa yule mama mkindwe?

Na hasira ya Kamusi, ambayo ilikuwa haijawahi kumwangusha, ilimwambia: toa. Alikukana ukumbini, amekukana kwenye ngazi. Toa.

Mhariri hakumharakisha.

"Aliye mbele hageuki," alisema Kamusi mwishowe, na hakujua kama anamwambia mhariri au anajiambia mwenyewe. Akairudisha karatasi mfukoni.

"Mzee wangu, bila jina siwezi."

"Najua. Andika hivi hivi."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba husemwa na watu wawili. Na wa nyuma ndiye huanza."

Mhariri aliandika. Aliandika vizuri, kwa mkono wa mtu anayejali, na chini yake akaweka tarehe. Kisha akaifungua droo moja kati ya zile droo ndogondogo, akaisimamisha kadi mahali pake, nyuma ya nyingine, akaisukuma droo taratibu. Wote wawili walijua kadi ile ingekaa humo miaka kumi na mitano.

Jumatatu iliyofuata kiuno cha Kiuno kilikuwa kimepona, jambo la ajabu. Walipelekwa kupandisha piano ghorofa ya tano. Kamusi alitia mkanda mabegani, akageukia ngazi, na Kiuno akashika nyuma.

"Nimeshika, Kamusi. Nenda."

Kamusi hakwenda. Alibaki amesimama, uso mbele, mzigo umemlalia, kitambo kidogo.

"Mzee, kuna nini? Tutaota mizizi hapa."

"Hakuna kitu," alisema Kamusi, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.